Kuzisoma Njia za Mabasi, Teksi na Baiskeli za London: Mwongozo kwa Dereva Atokaye Afrika Mashariki

Katika jiji la London, upande wa kushoto wa barabara nyingi kubwa umetengwa kwa ajili ya mabasi, na mara nyingi pia kwa ajili ya teksi na baiskeli, ama kwa saa zote ama kwa saa fulani za siku, na dereva anayeingia humo bila ruhusa hupigwa picha na kamera na kuletewa faini hata kama hakumzuia mtu yeyote. Dereva aliyejifunza kuendesha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hufika huko akiwa na faida moja kubwa, nayo ni kwamba nchini Uingereza, kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, magari hupita upande wa kushoto, kwa hiyo mikono na macho yake hayahitaji kufundishwa upya. Faida hiyo hiyo, hata hivyo, humpa utulivu usiomstahili bado, kwa kuwa barabara inayofanana na ya nyumbani humfanya aamini kwamba na alama zake zinasema yale yale aliyoyazoea.

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote huonekana pale njia za London zinapolinganishwa na njia ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ile ambayo wakazi huiita ya mwendokasi na ambayo ilianza kutoa huduma mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi katikati ya jiji. Njia hiyo imejengwa katikati ya barabara, imetengwa kwa kingo za zege, vituo vyake viko katikati, na mabasi hufungua milango upande wa kulia ili abiria washukie kituoni moja kwa moja. Dereva wa daladala, bajaji, teksi au bodaboda hahitaji kutazama saa ili ajue kama anaruhusiwa kuingia, kwa sababu njia ile si yake asubuhi wala usiku, na zege lenyewe linamweleza hivyo. Njia ya mabasi ya London kwa kawaida haina zege. Imetengwa kwa rangi na vibao tu, iko kando kabisa ya barabara, na gari lile lile linaloingia humo saa 3:55 asubuhi likatenda kosa linaweza kuingia saa 4:05 likawa na haki kamili. Ndiyo sababu anayejifunza hana budi kujizoeza kuiuliza kila njia maswali matatu, yaani njia hii ni ya nani, ni yake saa ngapi, na inaanzia na kuishia wapi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maelezo ya namna majibu ya maswali hayo yanavyosomwa barabarani.

Kitabu cha kanuni na mtihani

Msingi wa mafunzo yote ni kitabu kiitwacho Highway Code, ambacho ni mkusanyo rasmi wa kanuni za barabarani uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, na ambacho marekebisho yake yanayowahusu zaidi waenda kwa miguu na waendesha baiskeli yalianza kutumika tarehe 29 Januari 2022. Kila kanuni ina namba yake, na kwa somo hili namba zinazofaa kukaririwa ni 140, inayohusu njia za baiskeli, na 141, inayohusu njia za mabasi. Kitabu hicho husema kwa ngazi mbili ambazo msomaji anapaswa kuzitofautisha tangu ukurasa wa kwanza. Pale ambapo neno la kulazimisha au kukataza limeandikwa kwa herufi kubwa na nzito, kanuni hiyo ina kifungu cha sheria nyuma yake, na kuivunja ni kosa. Lakini pale ambapo dereva anaambiwa kwa upole kwamba inampasa kufanya jambo fulani, kutolifanya si kosa kwa lenyewe, ingawa mahakama inaweza kulichukua kuwa ushahidi dhidi yake ajali inapotokea. Wanafunzi wengi huiona ngazi ya pili kuwa ni nasaha tu, na wanakosea, kwa sababu humo ndimo yalimo maelekezo mengi yanayowaokoa waendesha baiskeli na kifo.

Mwenye leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda anaweza kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu awe mkazi wa Uingereza, na baada ya hapo hana budi kuchukua leseni ya mwanafunzi na kufaulu mitihani miwili, wa nadharia na wa vitendo. Mtihani wa nadharia wa gari una maswali 50 ya kuchagua jibu, ambapo anayetaka kufaulu hupaswa kupata angalau 43, na baada ya maswali hayo hufuata video fupi ambazo mtahiniwa huzitazama na kubonyeza kitufe mara anapoona hatari ikianza kujitokeza. Tangu Aprili 2014 sauti za tafsiri katika lugha za kigeni ziliondolewa katika mtihani huo, hivyo mtahiniwa anayeongea Kiswahili hujibu kwa Kiingereza au, akipenda, kwa lugha ya Wales. Kutokana na hali hiyo, utaratibu ulio bora ni kuielewa kwanza kanuni kwa lugha anayoifikiria, hata aweze kumweleza mwenzake kwa nini ipo, na ndipo asome maneno yake ya Kiingereza. Anayeanza kwa kukariri maneno asiyoyaelewa vyema hufaulu mtihani kisha akashindwa na kibao cha kwanza mtaani.

Njia za mabasi

Njia za kwanza za mabasi jijini London ziliwekwa mwaka 1968, katika barabara ya Park Lane na juu ya daraja la Vauxhall, na kusudi lake lilikuwa lile lile la leo. Basi la ghorofa mbili hubeba abiria wapatao 80 katika nafasi ya barabara inayojazwa na magari madogo mawili au matatu, na magari hayo mara nyingi huwa na mtu mmoja mmoja ndani, kwa hiyo kulipa basi njia yake ni kugawa barabara kwa kuhesabu watu badala ya kuhesabu magari. Msimamo huo ni wa haki, na dereva anayeuelewa huiheshimu njia ya mabasi hata pasipo na kamera.

Njia hiyo hutambulishwa kwa vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza ni mstari mweupe mpana usiokatika unaoitenga na sehemu nyingine ya barabara, pamoja na maandishi makubwa yaliyochorwa chini. Cha pili ni kibao cha bluu chenye umbo la mstatili kilichosimamishwa kando. Kibao hicho ndicho chenye majibu. Juu yake kuna mchoro wa basi, mara nyingi ukifuatana na mchoro wa baiskeli na neno la teksi, na chini yake huandikwa siku na saa. Kibao chenye alama zote tatu, kilichoandikwa Mon–Fri, 7–10 am na 4–7 pm, maana yake ni kwamba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 hadi saa 4 asubuhi na tena saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, njia ile ni ya mabasi, baiskeli na teksi peke yake, na kwamba nje ya saa hizo ni njia ya kila mtu. Msomaji azingatie kuwa saa zilizoandikwa kwenye kibao zimehesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, jambo linaloweza kumkanganya aliyezoea kuanza hesabu yake macheo, hasa anapokuwa na sekunde mbili tu za kukisoma kibao huku akitazama na gari lililo mbele yake.

Kibao kisicho na saa yoyote humaanisha kwamba njia inafanya kazi saa 24 kwa siku zote 7. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu mamlaka ya usafiri ya London, iitwayo kwa kifupi TfL, ilipoanza mwaka 2020 kuzigeuza njia za mabasi zilizo katika barabara zake kuu kuwa za saa 24, kwanza kwa majaribio na kisha kwa kudumu kuanzia mwishoni mwa 2021. Barabara hizo, ambazo kandokando yake kuna mistari myekundu inayokataza kusimama, ni takriban asilimia 5 tu ya urefu wa barabara za jiji, lakini ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya msongamano. Barabara nyingine karibu zote ziko chini ya halmashauri za mitaa 32 na ile ya kitovu cha jiji, na kila halmashauri ina saa zake, kwa hiyo dereva anayevuka mpaka wa halmashauri moja kuingia nyingine hapaswi kudhani kwamba ratiba aliyoisoma nyuma inaendelea mbele. Dhana hiyo ndiyo inayowaponza hata wenyeji.

Wengi pia huamini kwamba rangi nyekundu iliyomwagwa juu ya lami ndiyo sheria. Rangi hiyo, kama ilivyo rangi ya kijani au ya bluu katika njia za baiskeli, ni ya kuvuta macho tu na haina nguvu ya kisheria; njia ya mabasi inaweza kuwa ya lami tupu na bado ikawa njia ya mabasi, na sehemu yenye wekundu uliobaki kutoka mpango wa zamani inaweza kuwa huru kabisa. Kinachoamua ni mstari pamoja na kibao.

Upo upande wa pili wa kosa hili ambao hauzungumzwi vya kutosha. Madereva wengi, kwa hofu ya faini, huikwepa njia ya mabasi hata wakati ambapo saa zake hazijafika, wakajipanga wote katika njia moja iliyobaki na kuacha nyingine ikiwa tupu. Kufanya hivyo ni kuzidisha foleni bila sababu, na zaidi ya hayo, kanuni ya jumla ya Uingereza humtaka dereva akae njia ya kushoto asipokuwa na sababu ya kulipita gari jingine. Aliyesoma kibao na kuwa na hakika kwamba saa hazijafika na aitumie njia hiyo kwa amani.

Mahali panapohitaji subira ni karibu na makutano, kwa dereva anayetaka kukata kushoto. Njia ya mabasi mara nyingi hukoma hatua kadhaa kabla ya taa, au mstari wake usiokatika hugeuka kuwa wa vipande, na hapo ndipo gari lisilo basi linapopata ruhusa ya kuingia ili likate kona. Dereva asiye na subira huona nafasi tupu kushoto kwake, akaingia mapema kabla mstari haujakatika, na kamera ikamwona akiwa amevuka mstari kamili. Inafaa kuwasha taa ya kuashiria mapema, kubaki katika njia yake mpaka alama ibadilike, kutazama kioo cha kushoto pamoja na kugeuza kichwa ili kuona kama kuna baiskeli au pikipiki inayokuja kwa nyuma, na ndipo kuingia. Kanuni ya 141 humruhusu pia dereva kuingia katika njia ya mabasi ili asimame kupakia au kupakua, pale tu ambapo hakuna alama nyingine inayokataza, na ruhusa hiyo ni ya kuingia na kusimama, si ya kusafiri humo hadi anakokwenda.

Swali la gari gani ni basi lina jibu lisilotarajiwa na wengi. Kisheria, kwa alama ya kawaida ya njia ya mabasi, basi ni gari lililotengenezwa au kurekebishwa ili libebe abiria zaidi ya 8 bila kumhesabu dereva, hivyo gari la umbo la Hiace lenye viti vya kutosha linaweza kuwa na haki ya kuipita njia hiyo hata kama halina njia wala namba ya ruti. Haki hiyo hutoweka pale kibao kinapoongeza neno la Kiingereza linaloonyesha kwamba ni mabasi ya huduma za eneo tu, yaani yale yenye ruti iliyosajiliwa na vituo vinavyojulikana.

Gari la wagonjwa linapokuja nyuma likipiga king'ora, silika ya kila dereva mwema ni kulipisha popote penye nafasi. Maelekezo ya Uingereza ni kwamba king'ora hakimpi dereva wa kawaida ruhusa ya kuingia njia ya mabasi iliyo katika saa zake wala ya kuvuka taa nyekundu. Inampasa kwenda kwa utulivu mpaka mahali salama na halali pa kujitenga, isipokuwa pale askari polisi anapomwamuru vinginevyo. Jambo hili huonekana gumu, lakini sababu yake ni kwamba dereva wa gari la dharura amefunzwa kulikwepa gari linaloendeshwa kwa namna inayotabirika, na kinachomponza ni lile linalokurupuka.

Teksi za aina mbili

Neno teksi katika vibao vya London lina maana finyu kuliko lilivyozoeleka Afrika Mashariki. Teksi inayokusudiwa ni ile iliyopewa leseni na TfL kusimamishwa na abiria mtaani, ambayo watu huiita teksi nyeusi ingawa nyingine zina rangi tofauti, na ambayo dereva wake amefaulu mtihani maarufu wa kuzijua barabara za jiji kwa kichwa. Gari linaloagizwa kwa simu au kwa programu, Uber ikiwa mojawapo ya kampuni hizo, ni gari la kukodi la binafsi, lina leseni ya aina nyingine, na halina haki ya kusafiri katika njia ya mabasi kwa sababu tu limebeba abiria anayelipa. Linaweza kuingia ili kumshusha au kumchukua abiria pale kusimama kunaporuhusiwa, kisha litoke.

Wahamiaji wengi hufanya kazi hii, na wengi wao huiona tofauti hiyo kuwa ni dhuluma. Kampuni moja kubwa ya magari ya kukodi, Addison Lee, iliipeleka hoja hiyo mahakamani hadi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Januari 2015 iliona kwamba kuziruhusu teksi nyeusi na kuyazuia magari ya kukodi hakuonekani kuwa upendeleo wa kiuchumi uliokatazwa, kwa kuwa vyombo hivyo haviko katika hali moja kisheria: teksi nyeusi ndizo pekee zinazoweza kusimamishwa mtaani, nauli zake hudhibitiwa, na hutakiwa kuweza kubeba kiti cha magurudumu. Mtu anaweza kuendelea kubishana kuhusu sera, lakini dereva aliye kazini leo hana faida yoyote ya kubishana na kamera.

Pikipiki huruhusiwa katika njia nyingi za mabasi zilizo kwenye barabara za TfL, ruhusa iliyofanywa ya kudumu mwaka 2012 baada ya majaribio, lakini katika barabara za halmashauri mambo hutofautiana, hivyo mwendesha pikipiki autafute mchoro wa pikipiki katika kila kibao na, asipouona, akae nje.

Njia za baiskeli

Kanuni ya 140 hutofautisha njia za baiskeli za aina tatu, na kila moja ina uzito wake. Ya kwanza ni ile iliyotengwa kwa mstari mweupe usiokatika, ambamo gari haliruhusiwi kabisa kupita wala kuegesha katika saa zake za kazi, na hapa kitabu kinatumia herufi zile kubwa za kulazimisha. Ya pili ni ile ya mstari wa vipande, ambamo dereva hatakiwi kuingia isipokuwa haiepukiki, kwa mfano barabara inapokuwa nyembamba hata basi lisiweze kupishana na lori bila kuukanyaga mstari. Ya tatu ni ile iliyotengwa kabisa na magari kwa ukingo wa mawe au nguzo, kama ile inayopita kando ya mto Thames katika barabara ya Embankment, iliyofunguliwa mwaka 2016, mwaka ule ule ambao mwendokasi ilianza safari zake Dar es Salaam. Hakuna dereva mwenye akili timamu atakayejaribu kuendesha katika hiyo ya tatu, lakini ndiyo yenye hatari ya aina yake, kwa sababu inapokatiza mdomo wa barabara ya pembeni baiskeli hutokea kutoka nyuma ya ukingo kwa kasi, wakati dereva anayekata kona ameshasahau kwamba zipo.

Jambo hilo la kukata kushoto linastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko jingine lolote. Gari na baiskeli vinakwenda sambamba kuelekea makutano; gari liko kulia, baiskeli kushoto; dereva anataka kuingia barabara ya kushoto na mwendesha baiskeli anataka kwenda moja kwa moja. Katika mazoea ya barabara nyingi za Afrika Mashariki, aliye na chombo kikubwa hupita kwanza na mwenye baiskeli hupiga breki. Kanuni iitwayo H3, iliyoongezwa Januari 2022, inasema kinyume cha hayo: dereva asikate mbele ya baiskeli inayokwenda moja kwa moja, awe anageuka au anabadili njia, na iwapo kufanya hivyo kutamlazimisha mwendesha baiskeli kusimama au kukwepa, dereva ndiye anayepaswa kusubiri, hata kama baiskeli zinazokuja nyuma yake ni nyingi na foleni ya magari inampigia honi. Sababu yake imo katika kanuni ya H1, inayoweka ngazi ya wajibu ambapo anayeweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi la kupunguza hatari, wa lori akiwa juu na mwenda kwa miguu akiwa chini. Kanuni ya H2 hukamilisha utaratibu huo kwa kumtaka dereva anayeingia barabara ya pembeni ampishe mtu aliyekwisha kuanza kuivuka, na hata yule anayesubiri kuivuka.

Malori ndiyo yenye hatari kuu, kwa kuwa dereva aliyeketi juu haoni kilicho chini ya dirisha lake la kushoto. Kwa sababu hiyo, London huyataka malori yenye uzito unaozidi tani 12 yawe na kibali kinachopima kiasi ambacho dereva anaweza kuona kwa macho yake moja kwa moja, utaratibu ulioanza kusimamiwa Machi 2021 na kukazwa Oktoba 2024. Mwendesha baiskeli asitegemee kibali hicho. Asijipenyeze kushoto kwa lori au basi lililosimama kwenye taa, hata kama njia ya baiskeli inaonekana kumwalika huko, bali abaki nyuma mpaka liondoke.

Mbele ya taa nyingi kuna mistari miwili ya kusimamia, na kati yake kuna kisanduku chenye mchoro wa baiskeli. Magari na pikipiki husimama kwenye mstari wa kwanza taa inapokuwa ya njano au nyekundu, na baiskeli huendelea hadi wa pili, ili zionekane na ziondoke kwanza. Gari ambalo tayari limeuvuka mstari wa kwanza taa inapobadilika hutakiwa kusimama kwenye wa pili. Anapozipita baiskeli njiani, dereva aache nafasi ya angalau mita 1.5 akiwa na mwendo usiozidi maili 30 kwa saa, na zaidi ya hapo mwendo ukizidi. Asipoipata nafasi hiyo, asubiri. Akiegesha, na afungue mlango kwa mkono ulio mbali na mlango wenyewe, yaani dereva atumie mkono wa kushoto, kwa kuwa tendo hilo humgeuza kiwiliwili na kumlazimisha atazame nyuma kabla mlango haujampiga mtu.

Kwa mwenye baiskeli mwenyewe, kutumia njia ya baiskeli si lazima. Kanuni humshauri aitumie pale inapomfaa na kumwachia uhuru wa kupita barabarani pamoja na magari. Kofia ngumu hushauriwa lakini sheria haimlazimishi kuivaa, ilhali taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma ni lazima usiku. Kupita taa nyekundu au kuendesha juu ya njia ya waenda kwa miguu kunaweza kumgharimu faini ya pauni 50. Anapokuwa katika njia ya mabasi awe mwangalifu anapolipita basi lililosimama, kwani basi huweza kuondoka wakati wowote na abiria huweza kutokea mbele yake. Na pale ambapo njia ya baiskeli hupita nyuma ya kituo cha basi, kivuko cha mistari myeupe kinachoikatiza njia hiyo ni cha abiria, naye hana budi kusimama. Wazee na wasioona huviogopa vituo hivyo kwa haki kabisa, na mwendesha baiskeli anayepunguza mwendo hapo huwaondolea hofu kubwa.

Notisi inapofika

Faini ya njia ya mabasi katika London ni ya kiraia. Haiongezi alama katika leseni, nayo huletwa kwa posta kwa mmiliki ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, si kwa aliyekuwa akiendesha. Anayeazima gari la ndugu au la jirani ajue kwamba kosa lake litabisha hodi kwa mwenye gari. Katika barabara za TfL kiwango kilipandishwa Januari 2022 kutoka pauni 130 hadi pauni 160, na anayelipa ndani ya siku 14 hulipa nusu. Picha au video ya tukio hupatikana kwa namba iliyo kwenye notisi, na ni vyema kuitazama kabla ya kulipa au kupinga. Mwenye sababu ya kweli, kwa mfano aliyeingia kwa amri ya polisi au aliyepita mahali kibao kilipofunikwa na matawi, aiandikie kwanza mamlaka iliyotoa notisi akiambatisha picha, na akikataliwa ana haki ya kulipeleka shauri mbele ya mwamuzi huru wa London Tribunals bila malipo. Anayeitupa notisi kabatini hupoteza punguzo, kisha haki ya kupinga, na deni likaendelea kukua.

Anayetarajia kuanza kuendesha katika jiji hilo anashauriwa apande basi la ghorofa mbili katika barabara atakayoitumia kila siku, akae kiti cha mbele juu, na avisome vibao vyote vya bluu kimoja baada ya kingine, akiandika saa zake na mahali mistari inapokatika, kwanza asubuhi na tena jioni. Kitabu cha Highway Code husomwa bure katika tovuti ya serikali ya Uingereza. Na aanze na H1, H2 na H3, kisha 140 na 141, kabla hajaushika usukani.